Ukurasa wa Saba

Kwenye faili hana jina. Ni G-027,
fundi wa bati, Gerezani, miaka hamsini na mmoja,
sikio la kushoto limekufa, la kulia linachechemea.
Ndicho tulichokitafuta: nyundo imemla kiasi gani.

Daktari Nakiete alipowasha picha za kichwa
tulisoma kwanza yaliyotuhusu,
mfupa, njia ya sauti, neva,
tukajaza jedwali.
Kisha kalamu yake ikasimama pembeni, pasipo na safu.
"Hiki hatukukiomba."
Kwenye mshipa, nyuma ya jicho, kivimbe,
mfano wa kunde iliyolala majini usiku mmoja.

Huenda kisipasuke hata azeeke.
Huenda kikapasuka kesho, akiinua bati.
Wa kukiziba yupo, foleni yake ipo,
na bei yake ni matranka mia tatu ya watoto wa bweni,
naye kwa wiki hutengeneza manne.

Nikafungua fomu.
*Tukikuta jambo tusilolitarajia kuhusu afya yako,
ungependa kujulishwa?*
Visanduku viwili. Alama ipo kwenye Hapana,
kwa wino wa buluu, mkono wangu mimi.
Chini, sahihi yake: Kondo Mwinjuma,
herufi zimesimama kama misumari.

Kamati ilikaa Jumatano.
Mmoja akasema, hapana ya mtu ni mali yake,
tukimvunjia leo, kesho nani atatufungulia mlango?
Mwingine akagonga meza:
mtu anarudi kinyumenyume kuelekea shimoni,
unyamaze kwa kuwa alisema asisemeshwe?
Wa tatu akauliza nani atalipa.
Hapo ndipo kiyoyozi kilipoanza kusikika.

Mimi nilikuwa wa kuandika kumbukumbu. Sikuulizwa.
Lakini masikioni mwangu ilikuwa saa tano asubuhi,
vijana wanne wanapondaponda mabati,
jenereta ya jirani inakohoa,
nami nasoma ukurasa wa saba mbio mbio,
bado washiriki tisa kabla ya mchana,
namsomea mtu
niliyekuja kuupima uziwi wake.
Aliniangalia midomo. Kisha akaangalia tranka lisilo na bawaba.
Nikasema, "Hapana, au siyo?"
Akatikisa kichwa.

Nikaweka alama.
Miezi minne nimeamini alikataa kujua.
Huenda alikuwa ananiambia: sikusikia.

Nikainua mkono. Nikayasema hayo, sauti ikinikauka.
Mwenyekiti akavua miwani.
"Basi, arudi akaulizwe upya."
Nakiete akacheka bila furaha:
"Kumuuliza upya ni kumwambia nusu.
Nani hupanda gari la mradi mpaka Gerezani
kuuliza swali la bure?"
Hakuna aliyemjibu. Niliandika hivyo hivyo:
*hakuna aliyejibu.*

Nimekwenda Ijumaa, nyundo zikiwa zimelala,
wenyewe wako msikitini au wanakula.
Yeye alikuwa anakata mfuniko.
Sikuleta fomu. Niliazima chaki yake ya vipimo,
nikaandika juu ya bati, herufi kubwa, bila haraka:
KUNA MAMBO MTU HUTAKA KUAMBIWA,
MENGINE HUTAKA AACHWE NAYO.
WEWE JE?

Alisoma huku midomo ikitembea.
Akaniangalia muda mrefu, kama apimaye kona
kabla ya kukunja, maana bati likishakunjwa
halirudi lilivyokuwa.
"Kwani ni kwangu au ni kwa wote?" akauliza,
kwa ile sauti kubwa ya wasiojisikia.
Muuza kahawa akageuka.

Nilijigusa kifua, nikamwonyesha yeye. Yeye peke yake.

Akamfukuza muuza kahawa kwa jicho.
Akavuta ndoo, akaipindua, akanipa nikalie.
Kisha akalifuta swali langu kwa kiganja,
taratibu, kona hadi kona,
akanirudishia chaki.