Mwaka Sifuri

Basi linapita Sinaw saa kumi na mbili kasorobo,
nyota moja bado imeng'ang'ania juu ya soko la mbuzi.
Tunapanda wasichana kumi na wanane,
Wadha wa mwisho, mchanga wa kwao ukimdondoka viatuni.
Kiyoyozi hakina habari kwamba huu ni Januari.
Hadi Ibra hakuna anayesema neno,
ila midomo inacheza: maneno ishirini ya leo.

Ukiniuliza niko mwaka wa ngapi chuoni
nitakwambia: sifuri.
Shangazi Ghaniya alicheka hadi kahawa ikamwagika.
"Kwani sifuri nayo ni mwaka?
Mtoto kamaliza skuli, kapewa cheti,
kisha karudishwa kwenye a-be-che!
Na bure. Cha bure hakina uchungu."
Sikumjibu. Nilikuwa na mtihani asubuhi,
na macho yangu yalikwisha kulipa.

Siku ya kwanza fomu iliuliza lugha ya mama.
Kisanduku kimoja tu.
Mama hunigombeza kwa Kiarabu mbele ya wageni,
hunibembeleza kwa Kiswahili tukibaki wawili,
Kiswahili cha bibi yake, kilichokuja naye kutoka Unguja
pamoja na cherehani na mbuzi ya kukunia nazi,
mbuzi pekee Sinaw nzima asiyewahi kupigiwa bei.
Nikakiacha kisanduku kitupu.
Sasa ninafundishwa lugha ya tatu
ambayo hata kitenzi chake cha "kuwa"
hakitulii kuwa kitu kimoja.

Msingi, ndivyo wanavyouita mwaka huu.
Nyumbani nako baba amechimba msingi,
vyumba viwili vya kaka yangu Harith,
atakayeoa, inshallah, akipata kazi.
Fundi ni Rofikul wa Sylhet,
anayepima kwa kamba na jicho moja.

Siku niliyofeli hesabu
(arubaini na nane; hamsini ndiyo mlango)
sikuingia ndani.
Nilikaa juu ya matofali na abaya yangu ya chuo.
Rofikul alikuwa anamwagilia zege.
Zege! Kwa mpira, taratibu,
kama mtu mwenye tuta la mchicha.
Nikamuuliza kwa Kiarabu, nikikivunjavunja
ili tukutane njiani:
hapo unatarajia kuota nini?

"Leo siku ya nne," akasema. "Bado lina kiu.
Likikauka upesi litapasuka,
na ufa hutauona leo. Utauona umeshahamia."
Akauhamishia mpira upande wa pili.
Maji yakanilowesha viatu, hakuomba radhi.

Sikuteremshiwa nuru yoyote. Nilikwenda kula.
Ila usiku nilifungua tena daftari la sehemu:
kiasi juu, mstari katikati,
asili chini, imebeba.
Nikakosea ya tatu. Nikakosea ya tano.
Ya sita ikakubali.

Machi, Mwalimu Devika alitaka insha:
mtu ninayemjua, anayejenga.
Niliandika mistari kumi na miwili juu ya Rofikul.
Ilirudi imetapakaa wekundu,
nyakati zimegongana, herufi kubwa zimesahauliwa.
Mstari mmoja tu kalamu haikuugusa:
*Huyu mtu hunywesha jiwe maji.*
Pembeni kaweka nukta ndogo,
kama mtu aliyeweka kalamu chini, akatazama dirishani.

Wadha amefaulu yote, anakwenda kusomea uuguzi.
Ameniachia kamusi yake, mchanga umo hadi herufi ya M.
Mimi nitarudia hesabu kiangazi hiki,
bure vilevile, basi lilelile.

Kuta za Harith zimefika magotini.
Jana shangazi kaja na halwa,
kaniuliza tena, safari hii bila kucheka:
mwaka wa ngapi sasa?
Sifuri, nikamwambia.
Siku ya nne.