Chakula cha Behewa

Shemeji Mihayo, fundi wa reli, alituachia redio,
kabati lisilofunga, na kobe aitwaye Behewa
aliyemwokota kati ya mataruma, njia ya Urambo.
Miaka kumi na saba kobe alikula alichokula Mihayo:
ugali, mkate wa siagi, chai ya maziwa kwenye kisosi.

Alipendwa. Hilo sibishani na mtu.
Lakini gamba lilimpanda vichuguu vichuguu,
kila kigae kimetuna kivyake,
na mdomo umepinda kama wa kasuku.
Bwana mifugo alikuja Cheyo na baiskeli yake,
akamwinua, akamrudisha chini taratibu, akasema:
"Huyu hakukosa kula. Alishiba visivyo."

Maneno hayo nililala nayo.

Siku hizi alfajiri nachukua kikapu,
nafuata magugu niliyokuwa nikiyang'oa kwa laana:
ukoka, mchunga mchungu, mlenda wa porini,
ua la haibiskasi lililodondoka usiku kwa jirani;
na kiangazi kikikaza, nyasi kavu tu,
za rangi ya simba, zenye mlio mdomoni.
Ganda la yai nalisaga kwenye kinu kidogo.
Maji kwenye sinia, aingie mwenyewe.

Wiki mbili aligoma.
Saa moja kamili yuko mlango wa jikoni,
anagonga ubao kwa gamba, ko, ko,
chai yangu iko wapi.
Nikashangaa: mgomo mrefu hivi, na uzito haupungui.

Jumanne nikamfuma dada Nyanzala nyuma ya banda la kuni,
amepiga magoti, kisosi mkononi,
chai imekolezwa sukari kama ya marehemu.
Hakuona haya. Aliniuliza tu:
"Nisipommiminia huyu, nimmiminie nani?"

Sikuwa na jibu.
Kesho yake nikampa kisu na majani mawili ya dungusi.

Sasa ndiye anayebabua miiba kwenye jiko la mkaa,
anakata vipande, anaita jina,
na Behewa anakuja, anatafuna, utomvu wa kijani
ukimchuruzika kidevuni kama mtoto asiyefunzwa.
Hata kinyesi chake, anasema dada, kinanukia shamba.

Vichuguu havitashuka. Bwana mifugo hakutudanganya.
Ila ukingoni mwa kila kigae
(Nyanzala ndiye aliyenionyesha, kavaa miwani ya Mihayo)
umeota uzi mpya, mwembamba,
umelala bapa.