Mnong'onezi

Kazi yangu ilikuwa kukaa gizani, kushoto mwa jukwaa,
juu ya stuli yenye mguu mmoja uliofungwa kitambaa,
taa ndogo kifuani, mchezo mzima mapajani,
nikingoja watu wakubwa wasahau.

Yeye hakusahau.
Alianza nasi hapa Cleveland akiwa na miaka kumi na tisa,
binti wa myeyusha chuma wa ng'ambo ya mto,
vidole vingali vinanukia kabichi za dukani kwa shangazi.
Akabeba sinia, akasema, "Bibi, barua yako,"
na ukumbi mzima ukageuza shingo kumtazama mjakazi.
Bibi mwenyewe hakumsamehe.

Meneja akasema jina hili halienei kwenye bango.
Ludmila Hruska akaingia ofisini,
akatoka Lydia Harcourt,
jina kama koti la kuazima, refu kidogo mikononi.

Kisha New York. Kisha magharibi, mbele ya kamera.
Nilimfuata kwa senti thelathini na tano, safu ya nyuma,
Jumamosi mchana, sinema ya Mtaa wa Euclid.
Filamu kumi na nne. Katika tisa alikufa
watu hawajamaliza bisi zao:
kifua kikuu, risasi, gari kwenye kona,
mara moja nyuki.
Katika tano zilizobaki alisimama dirishani
akimngoja mume wa mtu.
Nilitazama midomo yake, na kwa mazoea
nikayanong'ona maneno kabla hajayafikia
mpaka jirani akaniambia, nyamaza, mama.

Uso wa kwenye filamu hauzeeki; mwenye uso huzeeka.
Simu zilipokoma hakugombana na mtu.
Alirudi kwa treni mwezi wa Februari,
theluji magotini, masanduku mawili na mbwa kiziwi,
akanikuta juu ya stuli ileile.
"Mguu huo bado?"
Ndiyo salamu aliyonipa baada ya miaka ishirini na sita.

Usiku wa onyesho la kwanza, sehemu ya tatu,
mama anafungua sanduku la mwanawe.
Anatakiwa aseme, "Nilijua tangu asubuhi."
Hakusema.
Nikampa: nilijua.
Nikampa tena: nilijua tangu.
Jicho lake likanipata gizani, tupu kama sahani iliyooshwa.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu;
hawakukaa kwenye stuli ile wakauhesabu.
Pumzi saba.
Mtu mmoja wa roshani akaanza kulia. Kisha wote.

Gazeti likaandika kwamba mji huu haujapata kusikia ukimya wa namna ile.
Akalikunja, akalitandika chini ya bakuli la mbwa.
Tangu hapo alisahau palepale kila usiku,
makusudi, pumzi saba, nami nikihesabu kwa vidole;
ila Alhamisi nyingine zikawa tisa, zikawa kumi na moja,
na ni sisi wawili tu tuliojua
ni zipi zilikuwa sanaa.

Kanisani hatukujaza hata safu nne.
Padre kijana, mgeni wa parokia, akafungua karatasi,
akafika kwenye jina la ubatizo, akakwama.
Lu. Lud.
Makoti yakachakarika. Jeneza likangoja.
Mimi safu ya pili, bila taa, bila kitabu:
Ludmila, nikampa, kwa pumzi tu. Ludmila Hruska.
Akalipokea bila kugeuka,
kama wafanyavyo waigizaji wazuri,
akaendelea.