Mistari Mitatu ya Buluu

Majoho mia nne na kumi na mawili, na kila moja nembo kifuani.
Karatasi ya kamati nimeibandika ukutani:
mnara ni uthabiti, mtende ni ukarimu,
kitabu ni elimu, falaji ni mwendelezo.
Imepigwa mhuri. Sina la kubisha.

Ila mtende wao hauna kamba.
Hapa Ibra nani kala tende
bila mtu kujifunga kamba kiunoni akapanda?
Na kitabu kiko wazi, kurasa mbili, nyeupe pe,
kwa kuwa maandishi, kasema Ustadhi Mundhir, yanakula uzi.

Falaji ni mistari mitatu ya buluu.
Hapo sindano yangu huenda taratibu.
Wenye maji wana neno lao: athari.
Kwao ni nusu saa, zamu ya maji kuingia shambani.
Kwetu, tuliolelewa Kiswahili jikoni na Kiarabu mlangoni,
athari ni kinachobaki kidonda kikishapona.
Baba alikuwa na athari moja.
Alizoa matope chini ya ardhi miaka kumi na tisa hata akaipata,
akaiuza asubuhi moja,
akaninunulia cherehani hii.
Basi ninachoshona ni nusu saa yake,
maji yale yale, yamezunguka mbali.

Na nembo, mama akisema, si neno la juzi.
Bibi yake aliletwa huku, hakuulizwa.
Nembo yake ilikuwa mashavuni, chale tatu kila upande,
kwa wembe wa watu wake, ambao jina lao halikuvuka bahari.
Hakuna kamati iliyokaa kuifafanua.
Walioiona waliona bei.
Mama aliichora kwa kidole kwenye unga, nitazame,
kisha akamwagia maji, akakanda.

Jana Ghaniya wa kaka yangu alikuja kujaribu joho.
Akajigeuza kwenye kioo, akashika kifua:
“Shangazi, hii mistari mitatu ni waifai?”

Nilicheka hadi nikatema pini.
Nikamwambia asimame wima, pindo limepanda kushoto.
Nikainuka, magoti yakalia,
nikamgusa shavuni kwa kidole:
moja, mbili, tatu.

“Mkono wako baridi,” akasema,
lakini hakusogea.