Nyuzi Mia na Ishirini

Nilipomwambia Ami Mselem kuwa nasomea misuli
aliuliza, msuli gani, wa hapa Langoni au wa kutoka nje,
wa kuvaa Ijumaa au wa kulalia.
Miaka minne ya uzamivu, akasema,
kwa nguo ya kujifunga kiunoni!
Duka zima likacheka. Nami nikacheka,
kwa sababu hata msimamizi wangu huko chuoni
hajawahi kuniuliza swali lililonyooka hivyo.

Kwake ndiko ninakonunua mshipi,
nailoni, nambari sitini, mita mia.
Naupota kwa mota ya cherehani
mpaka uchoke kunyooka, ujikunje wenyewe,
pindi juu ya pindi, kama nywele za kipilipili.
Nauzungushia waya wa shaba, napitisha umeme.
Ukipata moto hujikaza. Ukipoa hulegea.
Ndio msuli wangu huo: hukasirika, husamehe.

Minne kwa kila chanda, vyanda vitatu,
na kiganja cha plastiki kilichochapishwa Nairobi,
kikaja na basi hadi Mokowe
ndani ya katoni ya sabuni.

Kipo chumba cha nyuma, kwa shangazi Barke,
mezani pake, kando ya kofia ya bwana harusi wa Faza.
Nilimfunga vihisio vidoleni, nikahesabu.
Tobo moja, mishono kumi na minane.
Katika kila mshono chanda gumba hufanya jambo
ambalo hesabu zangu hulikaribia, kisha hulikosa.

Siku ya tatu akazivua nyaya, akazikunja vizuri, akanipa.
"Swafiya, waniibia mkono.
Kofia moja ni miezi mitatu ya mato yangu.
Kitu chako kikiyajua haya, nani atanilipa mimi?"

Nilikuwa na jibu. Limo katika sura ya kwanza,
aya ya pili, lina marejeo sita.
Sikulitoa. Lilinuka karatasi.

Usiku ule tuliketi kila mtu na kazi yake.
Yeye alikuwa akiulamba uzi,
akiuelekeza, unateleza pembeni,
anaulamba tena. Mara ya saba akaitupa sindano mezani.
"Kikitaka kunifaa kinitungie hii.
Vitobo niachie mwenyewe."

Basi sura ya tano ikabadilika.
Nilimwandikia msimamizi: lengo jipya, uzi mmoja, tundu moja.
Akajibu kwa neno moja na alama ya kuuliza:
Tu?

Tu. Uzi hukosa kwa unene wa unywele.
Nyuzi mia na ishirini za joto, chanda hupitiliza.
Mia na kumi, hakifiki.
Katika nyuzi hizo kumi ndimo ninamoishi tangu Shaabani.
Misuli mitano imeungua; chumba kinanuka
kama mtu kachoma kandambili,
na jirani ametuma mtoto kuuliza tunapika nini.

Jaribio la mia mbili na kumi na mbili,
umeme ulikatika Amu nzima.
Skrini ikafa. Feni ikajizungusha kwa mazoea, ikaacha.
Nikasikia nailoni ikipoa,
ti, ti, kama bati baada ya jua,
na vyanda vikilegea, bila amri ya mtu.
Nilikuwa bado naitafuta simu nimulike.
Shangazi alikwisha kunyoosha mkono,
akapapasa, akanyamaza.

"Umeingia," akasema.

Niliandika daftarini kwa mwanga wa simu:
Umeme umekatika. Hakuna matokeo.
Nikafuta. Nikaandika tena vile vile,
maana jedwali langu halikuwa na safu
ya kuandikia jambo lile.
Nikaizima simu, kuhifadhi chaji.

Upande wa pili wa meza kitambaa kilikuwa kikitoboka.
Nilihesabu kwa masikio.
Kumi na sita. Kumi na saba.
Kumi na nane.
Akavuta uzi, akahamia tobo jingine.