Safu ya Tano

Daftari langu la maktaba lina safu tano:
jina, kidato, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kitabu.
Nililichora mwenyewe kwa rula iliyomeguka pembe,
ndiyo maana safu ya tano imepinda
kama njia ya kupanda Bugando.
Mimi si mkutubi wa kusomea.
Nilikuwa stoo, nikihesabu majembe.

Milembe wa kidato cha pili huandika "Kamusi",
na kweli anaisoma. Alianza Januari kwenye A.
Juzi amefika "kumbwe", akacheka peke yake:
kumbe vile vitumbua vya saa nne vina jina!

Kulwa na Doto wana kitabu kimoja cha fizikia,
hukaa wakitazamana, kitabu katikati.
Kulwa anakisoma wima,
Doto anakisoma kichwa chini miguu juu,
na sasa Doto ukimpa kitabu kilichokaa sawa
anakigeuza kwanza.

Lubango huandika "Jiografia".
Anachosoma ni dirisha la tatu,
pale ambapo kati ya mawe mawili
ziwa linaonekana, upana wa kiganja.
Meli ya Nansio huingia katika kiganja hicho,
hukaa kwa hesabu ya kumi na nne, hutoka.
Siku moja nilihesabu naye.
Sikumuuliza nani yumo.

Kile cha *ufugaji wa nyuki* hakijaazimwa hata mara moja,
na hakuna kilichochakaa kukizidi.
Ukurasa wa arobaini una vikaratasi,
mwandiko wa msichana, mwandiko wa mvulana.
Nilitaka kukihamishia rafu ya juu, nikaghairi.
Mzinga hauhamishwi ovyo.

Na Mhoja. Mhoja huandika "Kemia".
Usiku kucha yuko na mama yake Mwaloni,
wanachambua dagaa kwa taa ya betri.
Huja na harufu yake, wenzake humwachia meza nzima,
basi analala kwa nafasi, shavu juu ya kitabu.
Feni nimeizima. Wakiniuliza, nasema umeme ghali.
Juu ya bati korongo wanatembea
kama wazazi siku ya kikao, wazito, hawana haraka,
naye hata hashtuki.

Jumanne akaja mkaguzi.
Akapitisha kidole kwenye safu ya tano:
"Kemia, Kemia, Kemia. Huyu atakuwa daktari."
Nikasema, "Mungu akipenda."
Mhoja alikuwa pale pale mezani, macho kayafumba,
lakini sikio moja lilikuwa juu.

Kesho yake alifika kabla sijafungua kufuli.
Akaomba kalamu nyekundu, na ile rula yangu.
Akakata Kemia mara kumi na moja,
taratibu, mstari mmoja mmoja,
na pembeni ya kila moja akaandika: *nimelala*.
Mimi nilijifanya napanga magazeti.

Kisha akafika kwenye mstari wa siku hiyo.
Akatafuna mfuniko wa kalamu.
Akaandika: *Kemia, ukurasa mmoja*,
akaenda kuusoma,
ule wa sitini na tatu, wenye doa la mate,
midomo ikichezacheza,
dakika arobaini.

Nikagonga muhuri.
Tarehe yake imekwama tangu mwaka juzi.
Haidhuru.