Safu ya Akiba

Daftari langu la mahudhurio lina safu nne:
kaja, kachelewa, mgonjwa, likizo.
Jumatatu ile kalamu ilinisimama
mbele ya jina la Mwaringa Dzombo.
Hakuchelewa. Si mgonjwa. Na likizo
haiji kwa barua yenye muhuri wa jeshi.

Mazoezi ya akiba, Mtongwe, siku kumi na nane.
Bahasha alinipa kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ulikuwa na grisi,
akaomba radhi kwa ajili ya mkono, si ya barua.
Niliisoma mara mbili. Nikamwuliza,
"Na kompresa nayo imeambiwa?"

Ramadhani ilikuwa siku tisa mbele.
Mwaijua Mombasa, basi mwajua maana yake:
kila mwenye ndoo ni muuza juisi,
na matofali ya barafu yatoka hapa Mbaraki alfajiri
juu ya mikokoteni, yamefunikwa magunia,
yakichora mstari wa maji hadi Kongowea.

Kompresa aliniachia marehemu mume wangu.
Ni ya mwaka niliyoolewa, na kama mimi
haipendi mkono mgeni.
Mwaringa huiwekea sikio kwanza. Spana baadaye.

Nikapata kijana wa Changamwe, ana cheti, ana maringo.
Siku ya tano vali ikalia. Ya sita ikanyamaza,
na mashine ikinyamaza ndiyo imesema.
Tani tatu zikawa maji sakafuni.
Nilisimama humo na viatu vyangu, nikauliza
nani huyo aliyesema akiba haiozi.
Hakuuza barafu maishani mwake.

Nikavuka feri na hasira mkobani.
Langoni wakataka kujua nimemfuata nani.
Nikasema nimekuja kudai mali yangu.
Wakacheka, hadi wakaona sicheki.

Sajini Nasambu, mwanamke wa sauti ndogo,
alinipa kiti, akanipa chai ya tangawizi,
akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.
Kisha akauliza nisiloulizwa na mtu:
"Mama, kazi yako hulala miezi gani?"
Juni, nikasema, na Julai, kunapopoa.
Akaandika, polepole, kwa mkono.
Na Ramadhani haikai pahali pamoja,
kila mwaka tazameni mwezi kabla ya kuandika barua.
Akaandika. Na siku tisa si taarifa, ni fujo;
nataka miezi mitatu. Akaandika miwili.
Tukavutana hapo, chai ikapoa.

"Nami nina ombi," akasema.
"Akirudi, asikute mtu kwenye stuli yake."
Nikanyamaza kama ile kompresa.
Maana kijana wa Changamwe ni rahisi,
elfu nne pungufu kila mwezi,
na jana usiku nilikwisha piga hesabu.

Dirishani niliwaona uwanjani, wamezunguka pampu.
Mwaringa kainama, sare imemkaa kubwa,
sikio juu ya chuma. Wenzake kimya.
"Sikio lile," nikamwambia Sajini,
"nimelilipia mimi miaka kumi na mmoja."
"Na ile barakoa ya gesi mlangoni kwako," akajibu,
"nani alikufundisha kuivaa?"

Nilirudi nikachukua rula.
Safu ya tano imekwenda upande kidogo,
ukurasa haukuwa na nafasi.
Mshahara wa siku zile nimelipa nusu;
nusu ya pili bado twabishana,
mimi, yeye, na Sajini kwa simu.

Alirejea Ijumaa, nywele fupi, uso umeungua.
Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompresa,
akainama, akaisikiliza kitambo,
akaiuliza yeye, si mimi:
"Nani amekushika?"